Upepeo wa Pinkston na Binti

Memphis Kusini, Tennessee
5 Septemba 2023

Mdogo wangu mpenzi Verlene,

Pokea salamu zangu kutoka nyumba ileile, baraza ileile, na kiti kile ambacho kila ukija unasema nikitupe. Kwanza nikuulize goti. Binti yako Denise aliniambia kwamba siku hizi unapanda ngazi mguu mmoja mmoja, na kwamba mtu akikutajia fimbo unamuuliza kama yeye ameshajaribu kunyamaza. Nilicheka mpaka nikakohoa. Mimi ni mzima. Sukari inapanda na kushuka, jicho la kushoto limechoka, lakini najipikia mwenyewe, na Jumapili iliyopita nilikula kambare watatu wa kukaanga pale ukumbi wa kanisa huku muuguzi wangu akinitazama kutoka meza ya pili. Kesho yake alinipigia simu kuniuliza kama wa nne alinishinda.

Utashangaa kuona nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, na mimi nikikatizwa napata pa kutorokea. Umenijua hivyo tangu utotoni. Kwa hiyo kaa chini, vaa miwani, na usome hadi mwisho kabla hujamwita Denise.

Habari yenyewe inahusu Chanuo, ile tuzo ya watunzi wa nyimbo. Mwezi wa Mei alinijia Charisse, mjukuu wa Bi Odessa Crutchfield. Alikaa hapa barazani, akanywa chai ya baridi, akaniambia kwamba Oktoba hii tuzo ya bibi yake inatimiza miaka hamsini, na kamati ya tuzo inataka kuchapa kitabu kidogo cha historia yake. Akasema mwandishi ni mimi. Nikamwambia mimi ni mpiga gitaa la besi mstaafu, si mwandishi. Akasema, “Mjomba Ozell, wewe ndiye wa kwanza kulishinda. Sasa nimpe nani, mchungaji?” Nikakubali, na nakiri nilikubali kwa furaha.

Unakumbuka lilivyoanza, lakini ngoja nikukumbushe, maana miezi hii nimeishi nalo. Saluni ya Bi Odessa ilikuwa na redio upande mmoja na televisheni upande mwingine, na yeye katikati na chanuo lake la chuma lililotoka motoni. Zile tuzo kubwa za nchi nzima zilikuwa zimeshaanza kumpa mtunzi wa wimbo wa ridhimu na bluzi zawadi yake mwenyewe, mbali na ya mwimbaji. Bi Odessa alilipenda jambo hilo kuliko yote. Lakini siku moja aliwauliza wateja wake ni nani aliyeandika wimbo uliokuwa ukipigwa saa ile, na vichwa kumi na moja vya wanawake, vingine bado vina mafuta, havikujua. Walimjua mwimbaji, walimjua hata mke wa mwimbaji. Bi Odessa akaweka chanuo chini. Akasema, “Haya, huyo mmempa maua. Aliyempa cha kusema je? Au maneno yaliota yenyewe kama magugu?”

Mwaka uleule, 1973, akalipaka chanuo lake kuukuu rangi ya dhahabu, akalipigilia kwenye kibao, akatangaza kwamba litakwenda kwa mtunzi bora wa mji huu. Akaweka sharti moja. Kila mtunzi alete karatasi ya kwanza, ile aliyoandikia wimbo kabla sikio lolote halijausikia, na ailete kwa mkono wake mwenyewe. Alisema studio zimejaa wanaume wanaotia majina yao kwenye kazi za watu, na yeye hana mashine ya kupima uongo, ila karatasi yenye doa la mchuzi ataitambua.

Sharti hilo ndilo limelifanya Chanuo kuwa Chanuo. Dereva wa basi alishinda kwa wimbo ulioandikwa nyuma ya ratiba ya safari zake. Mwanamke mmoja mfua nguo wa hospitali alileta foronya aliyoiandikia kwa wanja, na kamati ikamwomba aifue baada ya hapo, akakataa. Miaka ya tisini kijana akaleta kaseti, wakagombana wiki mbili. Baadaye akaja mwingine na simu, akasema karatasi yake ya kwanza ni hiyo. Mzee Grady Stubbs wa kamati akauliza, “Sasa hii tuitundike ukutani? Na nani atakuwa anaichaji?” Yote hayo nimeyaandika, Verlene, na nathubutu kusema nimeyaandika vizuri.

Tatizo likawa sura ya kwanza. Sura ya kwanza ni mimi.

Niliandika kurasa tatu asubuhi moja, tamu kweli. Jinsi kijana Ozell Tarpley, umri wa miaka ishirini na saba, alivyoguswa na maneno akiwa kanisani, akakosa karatasi, akaandika wimbo mzima nyuma ya upepeo wa karatasi wa kanisani. Kisha nikaenda saluni, ambayo sasa ni jumba lao la kumbukumbu, nihakikishe tarehe. Charisse ameuweka ule upepeo wangu peke yake katika kabati la kioo, na taa ndogo juu yake. Amebandika kijikadi kinachosema kwamba wimbo huu ulizaliwa katika joto la ibada. Nilisimama pale nikausoma upande wa pili, kwenye tangazo, maana kioo kinaonyesha pande zote mbili. Umeandikwa: Nyumba ya Mazishi ya Pinkston na Binti.

Wewe unajua kwamba Pinkston alikuwa Pinkston tu mpaka binti yake Lorraine alipomaliza masomo ya kuhifadhi maiti na kurudi nyumbani. Hiyo ilikuwa Juni ya 1973. Ndipo walipochapisha pepeo mpya na kuzigawa makanisani. Na wimbo ulikuwa ukipigwa redioni tangu Februari, watu wamevaa makoti. Miaka hamsini upepeo ule umekaa pale ukinishitaki, na watu wakipita wanasema angalia, maskini, aliandika kwa penseli.

Nilirudi nyumbani nikazichana kurasa tatu.

Sina haja ya kukuambia kwamba wimbo ni wako. Ulikuwa jikoni kwa Mama unakata maharage mabichi, ukavuta mfuko wa karatasi wa dukani na kuandika “Mlango Sijautia Komeo” kuanzia mwanzo hadi mwisho, ukafuta neno moja tu. Ulikuwa na miaka ishirini na moja. Ulinipa niupeleke studio kwa sababu nilikuwa nikipiga besi pale. Niliupeleka. Santuri ilipotoka, chini ya jina la wimbo, kwenye mabano yale madogo ya mtunzi, palikuwa na jina moja, O. Tarpley. Nilikuambia kwamba nimekuficha kwa faida yako. Nilisema Baba ni shemasi, akijua binti yake kiongozi wa kwaya ameandika wimbo wa mapenzi wa kidunia atakutoa kwaya na pengine nyumbani. Nilikuambia pia kwamba mfuko ulipotea studio. Ulinitazama kidogo, ukasema, “Sawa, kaka, bora umesikika.” Sentensi hiyo nimelala nayo miaka yote.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimepiga besi nyuma ya nyimbo za watu miaka minane na sikuwahi kutunga hata mistari miwili inayosimama. Niliyaona yale mabano, nikayataka. Bi Odessa alipotangaza Chanuo, nilikwisha kujizoesha kuwa mtunzi. Nilikaa sebuleni na upepeo na penseli, nikanakili kazi yako, nikafuta neno lilelile ulilofuta ili ionekane nimehangaika. Naona aibu ya hilo neno moja kuliko hata ya jina.

Basi nimeamua, na sitaki kubembelezwa. Nimeandika sura mpya na ndani yake mtunzi wa kwanza wa Chanuo ni Verlene Tarpley, na kakaye anaitwa kwa jina linalomstahili. Nilimsomea Charisse kwanza. Alilia, kisha akakasirika, akaniuliza kama hii ndiyo sura ninayotaka kukumbukwa nayo. Nikamwambia ndiyo niliyo nayo. Grady Stubbs alikuja na maneno laini, akashauri tuandike kwamba wimbo ni wa ndugu wawili, jambo liishe kimya. “Ozell, mtu mzima, unajivua nguo mbele za watu kwa nini? Nani aliyekuuliza?” Nikamwambia hakuna aliyeniuliza, ndiyo maana limechukua miaka hamsini. Kitabu kimeshakwenda kwa mchapaji. Siwezi kukirudisha hata nikitaka, na nimefanya hivyo makusudi kwa sababu najijua. Chanuo lile la kwanza nimelishusha ukutani kwangu, nimelisugua, liko kwenye sanduku mlangoni.

Sasa nakuja kwenye lile usilolijua. Tafadhali kaa, kama ulikuwa umeshasimama.

Baba alijua.

Mwezi mmoja baada ya mimi kupewa Chanuo, gazeti lilitoa picha yangu nimeinua upepeo juu. Jumamosi moja asubuhi Baba aliniita kanisani nimsaidie kupanga pepeo kwenye boksi, kwa kuwa baridi imeingia. Tulijaza boksi nusu. Kisha akachukua mmoja, akaugeuza, akasoma kwa sauti, “Pinkston na Binti.” Akaniwekea mkononi. Akasema boksi hili alilibeba yeye mwenyewe kutoka kwa Pinkston mwezi wa Juni, kwa hiyo nimweleze wimbo wa Februari ulifikaje kwenye upepeo huu.

Yeye akaendelea, wala hakupandisha sauti. Alisema aliusikia wimbo mara ya kwanza akiwa ndani ya lori la kiwanda cha mbao, akaliegesha kando ya barabara mpaka ukaisha. Kumbuka, Mama alipokuwa akifanya usafi ofisini mjini na kurudi usiku, Baba alimwambia kila jioni akitoka, “Usigonge, Pearl, mlango sijautia komeo.” Mimi wakati huo nilikuwa nimeshahamia kwangu. Aliyekuwa amekaa kwenye ngazi akiyasikia ni wewe. Baba akasema, “Hayo maneno ni yangu, na wengine wanaoyajua ni mama yako na Verlene. Mama yako haandiki nyimbo.”

Nilidhani atasema habari ya dhambi na muziki wa kidunia. Hakusema. Alisema wimbo ule ni mzuri. Alisema hakuwahi kujua kwamba mtoto alikuwa akisikiliza. Kisha akanipa mpaka Pasaka nirekebishe, nikamwambie Bi Odessa mwenyewe, na kabla ya hapo nikuambie wewe maneno haya, nami nayaandika kama alivyoyasema: “Mwambie dada yako aje Jumapili baada ya ibada, auimbe jikoni, niusikie kwa mdomo wake. Mwambie sijamkasirikia.”

Sikukuambia. Ulikuwa umeshapanda treni kwenda Chicago mwezi huohuo. Hukuja Krismasi, na nilijua kwa nini hukuja. Uliogopa macho yake. Simu ya dakika moja ingetosha. Kila nikimwona, Baba aliniuliza kama nimekuambia, nami nikajibu kwamba bado nakutafuta. Wiki mbili kabla ya Pasaka moyo wake ukasimama, nawe ukaja kumzika, ukasimama mbele ya jeneza ukiwa unaamini kwamba hakukuelewa. Nilikuwa nimekushika mkono. Na Mungu anisamehe, Verlene, ndani yangu nilipumua, kwa sababu aliyejua ameondoka. Hukuandika wimbo mwingine tena. Hilo nalo ni langu.

Sikuombi unisamehe katika barua hii. Ukitaka kunitukana, tukana, nastahili kuyasikia. Ninachotaka ni ujue kwamba Baba aliegesha lori.

Jumamosi ya tarehe 14 Oktoba, saa tisa alasiri, nitasimama saluni kwa Bi Odessa niyaseme yote haya mbele ya kamati na wajukuu wa watu, uje usije. Chanuo nitaliweka mezani. Ila siwezi kukupokelea, hata nikitaka, maana sharti halijabadilika: mtunzi alete karatasi ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Kabati la kioo liko wazi, upepeo nimeshautoa.

Fungua sasa ile bahasha ndogo iliyo ndani ya hii. Taratibu, imekunjwa muda mrefu. Mfuko haukupotea studio hata siku moja. Ulikuwa ndani ya Biblia yangu, na maji ya maharage bado yanaonekana kwenye kona.

Nisalimie Denise na watoto wake, na wale watoto wa kwaya yako ya Chicago. Mwambie Denise chumba cha mbele kimetandikwa, na nimenunua unga wa mkate wa mahindi, ule wa njano, kwa kuwa ule mweupe hukuupenda. Kama utafika usiku, usigonge.

Ni mimi kakako,
Ozell