Mama Nani?

Old Moshi, 4 Februari 2024

Mwanangu Aminieli,

Bwana asifiwe. Huku tu wazima, ng'ombe amezaa dume, na goti langu linaniuma kwenye ngazi za kanisa tu. Wewe hujambo na Mwanza yako? Naandika barua kwa sababu kwenye simu kila siku ni "Mama, niko kazini."

Jana bwana shamba alipita. Alinikuta napalilia kahawa, akauliza, "Baba yupo?" Nikamwonyesha kaburi nyuma ya migomba. Akaomba radhi, akauliza kama kuna kijana. Nikampa namba yako. Yangu hakuitaka, na simu ilikuwa mfukoni mwa gauni. Atatuma ujumbe wa siku za kupiga dawa. Ukiupata, niambie siku hiyohiyo, maana ugonjwa wa chulebuni haupigi hodi.

Baba yako mdogo Ambrosi anasema kahawa bila mwanamume hufa, eti niing'oe nipande parachichi. Nimemwambia tutazame msimu huu kwanza. Ikinishinda, nitaing'oa.

Ndizi za kiroba nilichokutumia ni za kupika, usizigawe zote.

Mama yako

Mwanza, 1 Machi 2024

Shikamoo Mama,

Ndizi zimefika. Mtori nimeupika mwenyewe, ukaungua kidogo. Mimi ni mzima, ila kazi zimebana. Ujumbe wa bwana shamba sijauona. Simu yangu imejaa matangazo ya bahati nasibu mpaka kero, nafuta tu. Ujumbe ukifika nitakupigia.

Mwanao, Ami

Old Moshi, 9 Juni 2024

Ami,

Salamu. Siumwi, ila sina raha.

Buni zimekuwa nyeusi zikiwa changa. Mistari yote ya kuelekea mfereji imebaki vijiti. Za Ambrosi ni safi. Nilipomuuliza, akashangaa: "Ujumbe umekuja mara nne, shemeji. Ami hakukuambia?" Yeye alipiga dawa kabla ya mvua, akarudia. Sasa ananitazama tu juu ya ua wa masale, na huko kutazama ndiko kunakoniuma.

Niambie kweli, ujumbe ulikuja?

Mama yako

Mwanza, 20 Juni 2024

Shikamoo Mama,

Natumaini goti halijazidi. Ujumbe ulikuja. Jumbe tatu nilizifuta bila kusoma. Wa nne ninao: "Ndugu mkulima Aminieli, rudia dawa ya chulebuni wiki hii." Mimi mkulima, Mama! Hata idadi ya mistari ya kahawa siijui. Ningekuwa karibu ningekuja na jani la isale mkononi, kuomba msamaha kama wazee walivyotufundisha.

Nimempigia bwana shamba aondoe jina langu aandike la mama. Akauliza, "Mama nani?" Nikasema, Mama Aminieli. Akacheka: "Huyo si bado ni wewe?" Ilibidi nifikiri kwanza ndipo nikamtajia jina lako na namba yako, Mama, na nimeona aibu.

Tafadhali, usiing'oe kahawa.

Mwanao, Ami

Old Moshi, 10 Novemba 2024

Mwanangu,

Bwana asifiwe tena. Goti limepoa, na dume la ng'ombe limekuwa kubwa.

Kahawa niliyovuna haikujaza kiroba. Nilikuwa nimekwisha kunoa panga la kuing'oa, ndipo ujumbe ukaingia kwenye simu yangu: mkutano ofisi ya kijiji, mafunzo ya kufufua mibuni. Nikaenda. Wanawake tulikuwa wawili, mimi na jirani yangu Scola. Bwana shamba akasoma orodha. Akaita, "Elisifa." Akaita tena. Nikageuka kutazama huyo mama ni nani na mbona haitikii. Ambrosi ndiye aliyenigusa bega: "Shemeji, si ni wewe?"

Tangu nikuzae hakuna aliyeniita hivyo. Niliitikia huku nacheka, na machozi yakanitoka mbele ya watu.

Mibuni iliyougua nimeikata chini kama tulivyofundishwa, na machipukizi yametoka. Krismasi ukija, usishike mkasi mpaka uniulize lipi libaki. Ambrosi naye huja kuniuliza.

Jani la isale nimelipokea, ingawa ni la karatasini.

Mama yako,
Elisifa