Dole Gumba la Shangazi

Jumanne usiku, Makumira

Mimi nina bahati, bwana! Kwenye semina ya mikataba ya ardhi leo tumeigiza wazee wa Kimeru wakipatana na walowezi. Nimeokota kikaratasi cha kura, nikaangukia upande wa walowezi, wale wanaoshinda.

Shangazi aliigiza mzee wa Kimeru. Akaniambia, "Tumieni chemchemi, baba, tutakunywa wote." Nikamfanya aweke dole gumba kwenye mkataba. "Haya Shangazi, chemchemi yangu hiyo. Toa ng'ombe wako!"

Watu wakacheka sana. Yeye hakucheka.

"Baba yangu alitolewa kwenye ardhi yake Momela hivi hivi," akasema. "Kesho mwekezaji anayetaka ardhi yetu akija, huyu asitusemee."

Na kijiji kilikuwa kimenichagua mimi nikisemee. Sasa basi, wamenitoa.

Bahati gani? Sikuokota kikaratasi chochote. Nilimwomba mwalimu wa semina anipe upande ule.