Majibu ya damu ya wifi Kabula

Jumanne. Mvua ilianza Buzuruga tangu alfajiri, na kanga niliyojitanda bado haijakauka. Naandika nikiwa kwenye benchi la wodi. Moyo haujatulia.

Wifi yangu Kabula, mdogo wa mume wangu, jana alianza kushika tumbo. Maumivu yalianzia kitovuni, yakashukia kulia. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Sengerema, akasema hiyo ni taifodi tu. Akafungua mkoba, akampa diklopa ya kutuliza maumivu na rangi mbili, vidonge vya antibiotiki, vilivyobaki alipougua yeye. Nyumba gani hapa haina vidonge vya kubaki?

Leo asubuhi akampa tena. Kabula hakuweza hata kunyooka, tukamleta hospitali. Daktari, binti ninayemzidi umri, akambonyeza tumbo, akasema anashuku kidole tumbo. Akaagiza damu ipimwe. Kisha akauliza kama mgonjwa amemeza dawa yoyote.

"Hajameza kitu," mama akajibu upesi.

Nami nilijua amemeza nini.

Mkamwana hamkosoi mkwewe mbele za watu, nimelelewa hivyo. Kabula naye akafumba macho tu.

Majibu yakaja: chembe nyeupe za damu ziko kawaida, hazionyeshi maambukizi. Mama akashusha pumzi, akaanza kukusanya vitu. Daktari akasita, akasema labda twende nyumbani, maumivu yakizidi turudi. Nikamtazama Kabula alivyojikunja. Yazidi mara ngapi?

"Daktari, amemeza diklopa na rangi mbili," nikasema. "Jana, na leo tena."

Sikumtaja aliyempa. Mama aliniangalia kama mtu asiyenijua.

Daktari hakutugombeza. Alisema dawa hizo zinaweza kuficha ugonjwa, na kwamba damu inamsaidia lakini haiamui peke yake. Akamzuia Kabula asiondoke, akamlaza wodini. Mchana kipimo kikarudiwa, chembe nyeupe zikawa zimepanda, na ultrasaundi ikaonyesha uvimbe. Wakampasua. Kidole tumbo kilikuwa kinakaribia kupasuka.

Sasa Kabula amelala, anapumua vizuri. Nashukuru, kwa kweli nashukuru. Ila nina hasira na mama, na hasira zaidi na mimi mwenyewe. Je, daktari asingesita, ningesema?

Jioni hii nimemwamkia mama shikamoo. Hakuitikia. Tangu niolewe haijawahi kutokea, na imeniuma kuliko nilivyotegemea.

Kesho nitamwamkia tena, pale pale kitandani kwa Kabula. Asipoitikia, basi. Kabula atakuwepo kunisikia, na atajua sijamvunjia mama yake heshima.