Mchezo wa Helsinki

Richfield, Minnesota,
Jumapili, 14 Juni 2015.

Mpendwa yaya Murhula, kaka yangu mkubwa,

Asinge! Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mdogo wako, na kutoka kwa wote wa nyumba hii. U hali gani? Mke wako Euphrasie je, goti limepoa? Watoto wanaendeleaje na masomo? Sisi huku ni wazima kwa neema ya Mungu. Baridi imekwisha, makoti tumeyatundika, na hata Papa anatoka nje bila ile kofia yake ya sufu.

Kazi yangu ni ileile ya kufua mashuka ya hoteli kule Bloomington. Mikono inachoka, moyo haujachoka. Binti yangu Rachelle amepanda darasa. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimwuliza jambo anakujibu kwa Kiingereza. Papa naye anamjibu kwa Mashi, lugha yetu ya nyumbani, na chakula kinaliwa vivyo hivyo.

Najua umekuwa na wasiwasi juu ya Papa. Hata mimi nilikuwa nao. Majira yote ya baridi alikaa dirishani akitazama ndege zinavyotua, na kila wiki aliniuliza ni lini nitamrudisha Bukavu. Siku moja akaniambia, "Donatille, hapa hakuna mtu wa kunibishia." Nikamwambia mimi nipo. Akatikisa kichwa. "Wewe unaniheshimu. Haisaidii."

Basi mwezi wa tatu Mungu akatuletea mbishi. Sebuleni chini ya jengo letu huketi mzee mmoja wa Kinorwe, jina lake Halvor, ana miaka themanini na saba. Papa alimkuta anacheza sataranji peke yake, mkono wa kulia ukishindana na wa kushoto. Wakumbuka mchezo huo, ule Papa aliofundishwa na padri alipokuwa mwalimu kule Walungu. Akasimama nyuma ya mzee wa watu, akatazama, kisha akafyonya. Mzee Halvor akageuka, akasukuma kiti cha pili kwa mguu. Papa akaketi. Tangu siku hiyo nikitoka kazini nawakuta hapo, mmoja ananung'unika Kinorwe, mwingine Mashi, na wanaelewana kuliko mimi na msimamizi wangu.

Sasa nikusimulie jambo lenyewe. Jumamosi moja ya mwezi wa tano Mzee Halvor alikuja na karatasi ya manjano iliyokunjwa mara nne, yenye hatua za mchezo wake wa zamani, akaniomba nimtafsirie Papa. Mwaka 1952 nchi ishirini na tano zilikutana Helsinki kushindana sataranji kwa timu, kila timu ikiketisha watu wanne mezani. Yeye alikuwa kijana, mchezaji wa akiba wa Norway. Siku ya mwisho akaingizwa mezani, na pembeni yake aliketi Arne, rafiki yake tangu utotoni. Wenzake watatu walimaliza, na matokeo yote yakabaki mikononi mwake. Baada ya kucheza kwa saa tano aliona askari wa mpinzani amebakiza hatua moja tu ageuke malkia. Akakiri kushindwa, akatoa mkono. Timu ikapoteza kwa sababu yake.

Kilichomuuma zaidi ni Arne. Safari nzima ya meli kurudi nyumbani, Arne hakumsemesha hata neno. Halvor akaona amechukiwa. Mwaka uliofuata akahamia Amerika bila kuaga. Arne alimtumia kadi za Krismasi miaka kadhaa. Hakujibu hata moja. Na tangu Helsinki hakucheza tena na mtu, hadi Papa alipomfyonya.

Akapanga kete kama zilivyokuwa siku ile. Papa akainama juu ya ubao, mikono mgongoni, kama alivyokuwa akisahihisha madaftari. Kisha akaniambia taratibu, "Donatille, huyu hakuwa ameshindwa."

Nikamwuliza, "Papa, una hakika?"

"Tazama. Mfalme wake amebanwa pembeni, hana pa kwenda. Askari wake wamezibwa. Kinachotembea ni ngome moja tu. Basi aitoe bure! Aisogeze mpaka ubavuni mwa mfalme wa mwenzake. Akiila, Halvor hana hatua hata moja ya kucheza, na hiyo ni sare. Asipoila, ngome imfuate kila aendako. Ni sare tu."

"Tusimwambie," nikasema. "Ameubeba mzigo huu miaka sitini na mitatu. Tumwongezee?"

"Mchezo ni wake," akasema Papa. "Si wetu kumfichia."

Mzee Halvor alikuwa akitutazama kwa zamu. "Anasema nini?" akauliza. Yaya, nilishindwa kumdanganya. Nikamwambia.

Alichukua ngome, akaisogeza. Akairudisha, akaisogeza tena. Mara ya tatu masikio yakawa mekundu, nami nikashika simu tayari kuita gari la wagonjwa. Ghafla akapiga meza kwa kiganja, akacheka mpaka machozi. "Nilikuwa nimechoka!" akasema. "Miaka yote hii nilijua mimi ni mpumbavu, kumbe nilikuwa nimechoka tu!" Kisha akasema, "Sijui kama Arne yu hai."

Yu hai. Rachelle alimtafuta kwenye kompyuta, na Jumapili iliyofuata tukapiga simu Bergen, kule Norway, mezani petu, sauti ikisikika na wote. Wakaongea Kinorwe, nasi tumekaa kama watu wa msibani, hatuelewi neno. Mara Mzee Halvor akafunika macho kwa mkono. Alipoweza kusema akanieleza: Arne aliiona hatua ile asubuhi ya pili yake, ndani ya meli. Alimwona Halvor ameegemea reli, macho yamevimba kwa kulia, akajiuliza amwambie vipi mtu aliye katika hali ile. Akanyamaza ili asimvunje. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa akisubiri aulizwe, na hakuulizwa.

Arne ana miaka tisini, na jambo la kwanza alilotaka kujua ni nani aliyeiona sare. Alipoambiwa ni mwalimu wa Bukavu, akaomba kucheza naye. Sasa kila Jumapili baada ya ibada wanacheza kwa simu, Halvor katikati akipokea hatua. Mara ya kwanza Papa alishindwa, akadai mtu usiyemwona uso anaweza kuwa na wasaidizi watano. Wiki iliyopita alishinda, akala sahani mbili za fufu. Habari za kurudishwa Bukavu sijazisikia tangu Pasaka.

Yaya, haya yote ningeweza kukueleza kwa simu. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza mara tu ningetaja jina la mdogo wetu Bahizire. Tangu tumzike Mama mwaka juzi humsemeshi. Unasema hakuja mazishini kwa kiburi. Pengine ni hivyo, mimi sijui. Lakini hujawahi kumwuliza, naye hajawahi kusema, na Goma anakoishi si mbali kama Bergen. Usinikasirikie, nimewasikia wazee wawili wakilia kwa ajili ya swali moja.

Nisalimie sana Euphrasie na watoto, mama mdogo Mutesi, na jirani yetu Mzee Alfred. Papa anakubariki: Mungu ailinde nyumba yako na ayalainishe yaliyo magumu ndani yake. Humu mna picha mbili za Papa na ubao wake. Moja ni yako. Ya pili ni ya Bahizire, pamoja na salamu zangu zote kwake. Sitampigia simu kumpa salamu hizo, wala sina picha nyingine. Umpelekee wewe mwenyewe.

Mdogo wako anayekupenda hata unapokunja uso,
Donatille