Siku Kumi na Tisa za Mto Mtulivu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ninakuandikia kwa sababu mbili: kukualika na kukiri. Mwaliko ni wa heshima. La pili ni zito, nimelibeba miaka kumi na mmoja, kwa hiyo niruhusu nilifikie kwa mwendo wangu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na Mama ameacha kukuficha ufunguo wa baiskeli. Mimi sijambo, ila macho yamechoshwa na kompyuta.

Uliniuliza kwenye simu kazi yangu hasa ni ipi, nikajibu kwa maneno makubwa mpaka ukasema basi, chakula kinapoa. Leo nieleze kama inavyompasa mtu aliyesomeshwa kwa jasho lako. Bwawa letu limekuwa likiendeshwa kwa kalenda: tarehe ikifika, milango inafunguliwa, mvua iwe imekuja au haijaja. Ndiyo maana mwaka huu maji huingia majumbani mwa watu wa bondeni, na mwaka unaofuata bwawa hubaki matope. Nilikabidhiwa modeli ya kompyuta, yaani mto ulioandikwa kwa hesabu. Unaupa mvua iliyonyesha, nao unakwambia maji yatafika lini na kwa kiasi gani. Walioitunga ni watu wa nchi ya baridi. Siku ya kwanza nilipoiendesha, theluthi ya mvua yetu ilipotea. Nikaitafuta siku mbili, nikaikuta imelazwa juu ya vilima vyetu kama theluji, inangoja kuyeyuka. Msimamizi wa milango, mzee mwenye ulimi kama wembe, aliomba ofisi imnunulie koti, na tangu hapo akawa ananiita Mama Theluji.

Nikaiondoa theluji. Nikaingiza kinamasi cha juu, kile ulichozoea kusema kwamba humeza maji siku tatu kabla ya kuyatapika. Modeli haikukijua, wala hakuna andiko lililokitaja isipokuwa madaftari yako ya vipimo vya mto. Kisha nikailinganisha na vipimo vyako vya miaka ishirini na sita, vya kila siku saa kumi na mbili asubuhi. Baba, mistari miwili ile, wa modeli na wako, ilikwenda sambamba kama maksai wa jembe moja. Tofauti haikuzidi upana wa kiganja.

Isipokuwa siku kumi na tisa. Modeli ilisema mto ulipanda zaidi ya mita nzima. Daftari lilisema mto ulikuwa mtulivu, ukishuka sentimita mbili kila siku, kama mtu anayeteremka ngazi.

Kikaitishwa kikao cha kuamua kama modeli ichukue nafasi ya kalenda. Mhandisi mkuu hakumung'unya maneno: ama modeli ni mbovu, ama msoma kipimio cha mto alikaa nyumbani, na aliyedanganya siku kumi na tisa hawezi kuaminiwa miaka ishirini na sita. Alitaka madaftari yote yawekwe kando, tukusanye vipimo vipya miaka mitatu, na kalenda iendelee. Msimamizi wa milango akaongeza kwamba sentimita mbili mbili ni kazi ya mtu aliyejifunika blanketi. Watu wakacheka. Hawakujua kwamba msoma kipimio ni baba yangu. Nami nilikuwa nimekwisha kuutambua mwandiko.

Ni zile siku ulizolazwa kwa upasuaji wa ngiri, Mama akishinda nawe hospitalini. Nilikuwa kidato cha pili, likizoni. Uliniachia kalamu yako, ukaniambia mto haumngoji mtu. Asubuhi ya kwanza niliteremka hadi nusu ya njia. Maji yalikuwa yananguruma, yamelimeza jiwe la kufulia, nami nikaogopa. Nikarudi, nikaketi kwenye ngazi za nyuma, nikapunguza sentimita mbili kwenye kipimo chako cha mwisho. Kesho yake nikapunguza mbili nyingine. Uliporudi, mto ulikuwa umekwisha kushuka. Sijui kama hukuliona tope kwenye majani, au uliliona ukanyamaza. Ulikagua kurasa, ukatia saini, ukamwambia Mama kwamba hata mhandisi hawezi kuandika safi namna ile. Sifa ile ndiyo iliyonipeleka kusomea uhandisi, Baba, na sikuistahili.

Basi nilisimama kikaoni nikasema haya haya, bila kupunguza hata sentimita. Nikasema msoma kipimio ni baba yangu, naye hakuwahi kulala; mwongo ni mimi. Nikakaa, nikingoja kufukuzwa. Mhandisi mkuu alivua miwani, akasema kwamba modeli inayoweza kumkamata fundi wake kwa uongo wa utotoni inafaa kukabidhiwa milango. Siku kumi na tisa zikafutwa, madaftari yako yakabaki, modeli ikapitishwa.

Wiki mbili zilizopita ilitwambia tufungue milango miwili, na hapa kwetu anga ilikuwa nyeupe kama sahani, mvua ikiwa imenyesha vilimani tu. Msimamizi alifungua huku ananung'unika. Siku ya tatu maji yakaja kwa kishindo, bwawa likayapokea kwa nafasi, na bondeni haukulowa hata mkeka mmoja. Leo limejaa hadi alama ya juu. Yule mzee sasa ananiita Bibi Mto, ingawa koti bado analidai.

Sasa mwaliko. Ofisi inafungua daftari jipya la vipimo, na mhandisi mkuu anaomba kipimo cha kwanza ukisome wewe na kukitia saini. Najua una haki ya kunikasirikia; njoo umekasirika, mradi uje. Nisalimie Mama sana, na umwambie siku hiyo akupe ufunguo wa baiskeli.

Jumamosi ya tarehe ishirini, saa kumi na mbili kamili asubuhi, utanikuta chini kwenye kipimio, si nusu ya njia.

Binti yako,
mwandishi wa zile sentimita mbili mbili