Siku Jovina Alipozikwa kwenye Televisheni

S.L.P. 417,
Kitendaguro,
Bukoba.
21 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Byabato,

Pokea salamu za nyumbani, waitu, kutoka kwetu sote tunaokutaja kila siku mezani. Hujambo huko Leipzig? Kile kifua ulichosema kinakusumbua tangu theluji ianze kimepoa? Unapata hata tangawizi ya kutia kwenye chai? Picha yako ukiwa umejifunga koti hadi masikioni tuliiona. Ma aliishika muda mrefu, akasema umekonda. Mimi nikamwambia ni koti tu.

Sisi tu wazima kiasi. Shemeji yako Buberwa anakusalimu. Mgongo unamsumbua lakini haachi kuinama. Nancy amefaulu kuingia kidato cha tano. Mgahawa wangu pale sokoni unakwenda, siku nyingine watu, siku nyingine nzi.

Kibanja chetu cha migomba hakiko vizuri. Mnyauko umeingia upande wa bondeni. Wataalamu wa Maruku walikuja, wakatuambia tung'oe kila shina lililougua na tupitishe panga kwenye moto kabla ya kugusa shina jingine. Tumeng'oa mashina thelathini na moja, ile migomba aliyoipanda Tata, baba yetu, kwa mikono yake. Buberwa alikuwa anakata, mimi nafukia, mchana kutwa.

Barua hii atakufikishia Mchungaji Kashaija, anakuja huko kwenye mkutano wa makanisa. Nimeona heri niandike. Kwenye simu kila nikifika kwenye habari za dada yako Jovina sauti inanikwama, na wewe unadhani ni mtandao.

Unaikumbuka ile tamthilia yake, Wake wa Simbeye. Ulipoondoka ilikuwa bado mpya-mpya. Sasa imefikisha miaka kumi na moja, Jumatatu hadi Ijumaa, saa nane mchana. Jovina ameigiza miaka tisa humo, kama Doroteya, mke wa pili wa yule tajiri Mzee Simbeye. Sijui uliishia wapi kuitazama. Tangu hapo Doroteya alificha wosia, akabadilisha watoto hospitalini, akamfukuza mke mkubwa kwenye mvua na godoro lake. Hapa mtaani walikuwa wakimchukia kwa moyo wote, na saa nane hawakosi.

Walikuwa wanakuja kuitazama kwetu, maana tangu Ma apate kiharusi tumemwekea televisheni sebuleni mbele ya kiti chake. Ma Consolata wa Hamugembe alikuwa akipanda kilima kwa miguu. Alikuwa akimwambia, "Mwanao ana roho mbaya, waitu." Ma anamjibu, "Analipwa ili awe mbaya. Wa kwako ni mbaya bure." Wote wanacheka. Kwa Ma ile saa moja ndiyo ilikuwa ziara ya mwanawe. Jovina hakuja nyumbani miaka minne, kazi haimwachii nafasi, lakini Ma alikuwa anajua kama amenenepa, kama amesuka, kama ana mafua.

Basi tarehe kumi na nne Januari, bila mtu kutuonya, mke wa tatu alimtilia Doroteya sumu kwenye juisi. Kesho yake wakamzika. Nilikuwa nimerudi mapema nikayaona yote. Walileta jeneza, wakafungua kile kidirisha cha usoni, na ndani alikuwa Jovina wetu, pamba puani. Wanawake walianza kulia kweli. Ma Consolata, aliyemtukana miaka yote hiyo, alilia kuliko wote.

Ma hakulia. Alinyoosha mkono wake mzima, akanipa simu. "Mpigie."

Simu ilikuwa imezimwa. Nikapiga tena jioni, nikapiga asubuhi. Ma anajua mchezo ni mchezo, akili yake haina kasoro, usije ukafikiri vingine. Lakini alinieleza jambo ambalo mimi sikuliwaza. Alisema, "Watu hawamuui anayewaletea faida. Wakimuua, kuna kitu. Mtafute mwanangu."

Kilichofuata sijui nikuelezeje. Watu walianza kuja kutoa pole. Wa kwanza walikuja kwa utani. Lakini mtu akishaingia, akimkuta Ma ameduwaa na simu mapajani, utani unamtoka. Akaja mmoja na mkungu wa ndizi, mwingine na sukari. Wakakaa kwenye mkeka. Wiki nzima tulikuwa na msiba usio na maiti, nami napika chai, sijui niwafukuze au niwashukuru.

Joackim, binamu yetu wa Dar es Salaam, nilimwomba aende alikopanga Jovina. Akakuta chumba kina mpangaji mwingine. Jirani akamwambia dada aliuza kitanda na jokofu, akaondoka na mabegi mawili, hakuaga. Sikumwambia Ma. Nilimwambia kwamba Joackim bado anatafuta. Siku kumi na tisa za kumtafuta, Byabato. Nilikuwa naunguza vyakula, wateja wanakula hivyohivyo.

Aliyemwona ni Shilogile, yule mfanyabiashara wa samaki anayeniletea dagaa kutoka visiwa vya Muleba. Aliweka gunia chini, akasema polepole, kama mtu anayeogopa kuchekwa, "Mama Nancy, yule marehemu wenu wa kwenye TV yuko Bumbire. Anaanika dagaa kwa mama mmoja, Kezia."

Niliacha sufuria jikoni, nikamkalisha anieleze. Kumbe Jovina alipanda basi kutoka Dar, akashuka Muleba. Saa moja na nusu tu kufika nyumbani, akashuka.

Nilikwenda na Shilogile alfajiri ya Alhamisi. Kwenye boti ya injini nilitapika hadi nyongo. Mwaloni pale Bumbire, boti zinapofikia, wanaume wanakubeba mgongoni kukushusha, maji yanawafika kiunoni. Nilimkuta ameinama juu ya chanja anageuza dagaa, miguu peku, nywele amezikata zote. Alinyanyua macho akaniona. Hakushtuka.

"Dada, umekuja kunizika tena?"

Nilimkumbatia, ananuka samaki na jua. Tukakaa juu ya magunia. Nikamwuliza ni nini kimetokea. Akanieleza bila machozi.

"Nilifika kazini asubuhi, nikapewa karatasi za siku hiyo. Nikawa natafuta maneno yangu. Ukurasa wa pili nikakuta nimekufa."

"Hawakukwambia kabla?"

"Anayetupaka poda ndiye aliyenipa pole. Wanataka sura changa, dada. Kisha wakanilaza kwenye jeneza kuanzia saa nne mpaka saa nane. Mwongozaji anasema, Jovina, usipumue kwa nguvu, kifua kinapanda. Na mimi nimefumba macho nawasikia pembeni wanapanga nani atachukua chumba changu cha kubadilishia nguo."

Nikamwambia twende nyumbani, Ma anakungoja.

"Nikishuka stendi ya Bukoba kila mtu atanipa pole. Nina miaka arobaini na mbili, sina mume, sina mtoto, nilikuwa na Doroteya. Huku nikigeuza dagaa, wanageuka."

"Na huku hawakukutambua?"

"Walinitambua. Siku mbili walicheka. Siku ya tatu Kezia akanipa reki."

"Ma anajua ule ulikuwa mchezo."

"Anajua?" akaniuliza. "Baada ya kuniona mle ndani, alikwambia unipigie mara ngapi?"

 Nilimsihi, nikamgombeza, mwisho nikapiga magoti kwenye mchanga mbele za watu. Akaninyanyua kwa upole kama mimi ndiye mdogo, akaniambia boti inaondoka. Alinisindikiza hadi majini. "Usimwambie Ma niko wapi," akasema. Nikaitikia kwa kichwa.

Sikuweza kuficha. Nilifika nyumbani, Ma akanusa nguo zangu, akasema, "Yuko ziwani." Nikamwambia yote. Aliniuliza mambo mawili: anakula? analala juu ya kitanda? Nikasema ndiyo, ingawa kitanda sikukiona. Kisha akasema, "Nipelekeni."

Daktari alikwishakataza safari, presha haitulii. Buberwa akajitolea kumbeba mgongoni yeye mwenyewe mpaka kwenye boti, na huo mgongo wake. Nikamwambia wewe nawe umechanganyikiwa. Tukiwa bado tunabishana, Ma akashika fimbo yake, akanyanyuka, akatoka mlangoni peke yake kutuonyesha kwamba anaweza. Tulisimama tukimtazama, hakuna aliyethubutu kumgusa. Alipita uani akiburuta ule mguu, akafika kwenye mbuni wa kwanza wa kahawa, akalishika tawi, akakaa chini taratibu. Akatazama njia iliyobaki mpaka barabarani. Akasema, "Basi." Tukambeba kumrudisha.

Kesho yake alitaka blanketi lake la buluu, lile zito. Alilikunja mwenyewe kwa mkono mmoja, likawa linafumuka, analianza upya, hataki msaada. Ilimchukua kuanzia chakula cha mchana mpaka ng'ombe waliporudi. Tukampa Shilogile ampelekee Jovina.

Shilogile alirudi Jumatano hii. Ma alimwita ndani, akamkalisha kwenye kiti cha mgeni.

"Alilipokea?"

"Alilipokea, mama. Kwa mikono miwili."

"Akasema nini?"

Shilogile akatazama kofia yake. "Alisema asante."

"Asante tu?"

"Asante sana, mama."

Ma akaitikia kwa kichwa, akafumba macho kidogo. Nilipomsindikiza nje Shilogile aliniambia ukweli. Jovina alilipokea, akaliweka usoni kitambo, akaingia nalo kwenye kibanda cha mabati na kufunga mlango. Shilogile alisubiri mpaka boti ikawashwa injini. Hakutoka, wala hakusema neno. "Nisamehe, Mama Nancy," akasema, "nilishindwa." Nikamwambia hata mimi ningeshindwa.

Mdogo wangu, sijui hata nikuombe nini. Kusafiri huwezi, masomo yako najua. Lakini wewe Jovina alikuwa akikubeba mgongoni Ma alipokuwa shambani, na kwako hakuwahi kukasirika. Mwandikie. Weka barua ndani ya bahasha yangu, nitampa Shilogile. Usimwambie arudi, hilo nimelimaliza mimi na halikufaa. Mwulize tu dagaa wanakaukaje msimu huu, anakula na nani, wamezoeana na Kezia namna gani. Labda atakujibu. Labda hatajibu.

Nisalimie huyo mwenzako Isaac wa Iringa unayepanga naye chumba, mwambie asiache kukupikia ugali. Buberwa na Nancy wanakusalimu, na Ma Consolata pia. Ma anasema uvae soksi mbili. Amekaa hapa pembeni yangu ninavyoandika. Wanawake wa saa nane wameanza kurudi, na kila anayeingia Ma anamwambia kabla hajaketi, "Jovina amesema asante sana." Wanaitikia, "Mungu ashukuriwe," nami nainamia karatasi.

Mungu aliyekufikisha huko akulinde, akupe pumzi nzuri kifuani, na atufikie hata sisi tusioweza kufikiana.

Wako akupendaye daima,
dada yako,
Alistidia