Jina Lako Niliandika Mimi

Sele,

Sijui huko mliko mnasalimianaje, kwa hiyo nakuita jina tu, kama nilivyokuwa nakuita nikipita barazani kwenu. Nimechoka, ndugu yangu. Barua hii nimeianza mara tatu, na kila mara najikuta nakusimulia habari za ufuta, kana kwamba msimu ujao utalima.

Mikorosho yako mwaka huu anaipuliza shemeji yako. Anapuliza vibaya, kama ulivyokuwa ukimsema: anaanza jua limeshatoka, umande umekauka, dawa yote ya salfa inakwenda na upepo. Ule mfuko uliokuwa nao asubuhi ile askari walikwenda nao, wakasema ni kielelezo. Salfa ya ruzuku, Sele, tuliyogawiwa na serikali hiyohiyo! Mpaka leo haujarudi, na hatuulizi tena.

Redioni walisema mtuhumiwa alikaidi amri ya kusimama. Mashine ya kupulizia inanguruma mgongoni, kitambaa umejifunga mpaka masikioni, amri ungeisikia wapi? Mimi nikitaka kukuita shambani nilikuwa nakurushia bonge la udongo, ndipo unageuka na kunitukana. Wao walirusha risasi.

Maziko yako yalikuwa na watu wachache. Hata watani wako, ambao siku nyingine wangejilaza kaburini na kugoma kutoka mpaka wapewe chao, walishika majembe, wakafukia kimya, wakaenda zao. Waliogopa kuonekana wa kwako. Hilo liliniuma kuliko redio, maana redio haikukujua.

Sasa niseme lililonileta. Ile siku ya kura ya siri, uwanja wa shule, wewe ulikuwa umeshuka Kiswere kufuata samaki. Kila mtu alipewa kikaratasi aandike jina la anayemshuku kwa dawa za kulevya, akitumbukize kwenye boksi. Mwenyekiti wa kijiji alituambia watakaotajwa watasaidiwa waache. Wasiojua kuandika wakaelekezwa kwangu, maana kumaliza kidato cha nne hapa kwetu ni adhabu. Akaja mama yako, Bi Somoe. Akaniinamia sikioni, akataja jina lako.

Nikamwambia, Mama, hili jambo zito. Akasema, "Andika, mwanangu. Wamsaidie aache bangi. Mimi ameshanishinda."

Nikaandika. Kikaratasi chenyewe kilikuwa na nafasi ya jina tu.

Ulikuwa unavuta jioni ukitoka shamba, basi. Hukumuuzia mtu hata msokoto. Wale wanaopitisha unga huku pwani tunawajua kwa magari yao, na jina lao hakuna aliyethubutu kuliandika. Mnyonge ndiye anayeandikika.

Halafu kuna jingine. Wiki moja kabla askari hawajaja, ulinikuta kwenye kibanda cha chai, ukaniuliza huku unacheka, "Mwalimu, wewe uliyewaandikia wazee, mimi sikuwemo?" Nikakujibu hukuwemo. Nilijiambia namtunzia mama yako siri. Uongo mtupu. Niliogopa utanikasirikia. Ningekwambia kweli, ungepanda Rondo kwa mjomba wako, ukalima mihogo mwezi mzima mpaka wapite. Leo ungekuwa hapa unanisimanga. Nisamehe, Sele. Sijui msamaha wa marehemu unamfikiaje mtu, lakini nauomba.

Tangu hapo tumekuwa watu wa vikao. Kuna dada mmoja msaidizi wa sheria, anatoka Lindi, anatuelekeza. Tumetembea kijiji hadi kijiji kukusanya saini, na dole gumba kwa wasioandika. Hatuombi makubwa. Kura hizi zikome, anayevuta apelekwe hospitali, bunduki zisiingie mashambani mwa watu. Kila ofisi wanatuambia tuache barua, watatupigia. Anayetupigia hakuna. Tukirudi kuuliza, jibu ni moja: jina lake walilitaja wananchi wenyewe.

Jumamosi iliyopita boksi lilirudi. Wageni waliolileta wakakaa mezani, mwenyekiti akaniita nikawaandikie wazee. Nikasimama, nikasema siandiki tena, kwa sababu jina la Selemani niliandika mimi na Selemani hakuwa muuzaji. Mama yako sikumtaja. Nilitaka nilibebe peke yangu. Mgeni mmoja akaniuliza, kama hakuwa na kosa, kwa nini nilimwandika rafiki yangu?

Ndipo Bi Somoe akainuka katikati ya wanawake. Unamjua, mkutanoni hajawahi kufungua kinywa. Hakupaza sauti.

"Mkono ni wake, maneno ni yangu," alisema. "Niliwatajia mwanangu mumtibu. Sikuwatajia mumuue."

Wazee wakakunja vikaratasi vyao, wakavitia mifukoni, wakaondoka mmoja mmoja. Boksi likarudishwa garini tupu. Usidhani tumeshinda. Wamesema watapanga siku nyingine, na mwenyekiti hajibu salamu yangu.

Jumatatu nampeleka mama yako Lindi, akayarudie maneno yale mbele ya wakubwa. Jana nilimwambia kwamba nakuandikia. Alichambua mchele ambao ulikwisha kuchambuliwa, kisha akaniuliza kama ulikufa ukijua ni yeye aliyekutaja. Nikamwambia hapana, hukujua. Akashusha pumzi, akanishukuru, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Sikumwambia kwa nini hukujua.

Nakuahidi, Sele, nitamwambia njiani kabla hatujafika. Akinifukuza, nitashuka, nitamfuata kwa gari la nyuma, maana Lindi hataingia ofisini peke yake.

Mungu akulaze pema.

Mwalimu wako